Hesabu ya Daktari Haapasalo

Alifika Kuusivaara mwezi wa pili,
baridi nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
akashuka basi la posta na sanduku moja
na kope zilizoganda.
Mimi ndimi niliyempa kahawa.
Nilikuwa mkunga wa miaka kumi,
yeye daktari mpya, vidole virefu, maneno machache.
Usiku uleule tukampokea mtoto wa mkata magogo,
kichwa kikubwa, hasira kubwa zaidi,
na Tuulikki (siku hizo tulimwita Tuulikki)
alihesabu uchungu kwa kunong'ona,
moja, mbili, tatu, pumua mama,
kana kwamba namba ni blanketi
na yeye anamfunika nayo mzazi.

Miaka kumi na tisa alihesabu hivyo.
Kisha wakamwona. Walio juu huwaona upesi
wanaojua kuhesabu.
Mkuu wa wodi. Mkuu wa hospitali.
Mkurugenzi wa hospitali tano na zahanati kumi na saba,
ghorofa ya saba, mjini,
kiti kinachozunguka, dirisha lisilofunguka,
koti jeupe limetundikwa nyuma ya mlango.
Nikamtania kwa simu: huko unazalisha nini?
Mikutano, Aune, akasema.
Hakuna hata mmoja uliozaliwa njiti.
Yote hupitiliza miezi.

Cheo ni dhamana, husema watu.
Hawasemi dhamana yenyewe hulipwa kwa nini.

Majani ya mibetula yalipokuwa yanapukutika, barua ikaja.
Sentensi nne. Uzazi umepungua.
Mwaka jana watoto mia moja na sita tu.
Madaktari wa zamu hawapatikani.
Wodi ya wazazi itafungwa mwisho wa mwezi.
Chini, saini. Nikaijua ile H,
kama ngazi ya kipago kimoja,
ileile iliyokaa kwenye kadi za watoto wetu wote.

Nilimchukia majuma matatu mfululizo.
Haki nilikuwa nayo, na muda pia.

Januari, saa nane za usiku, mlango ukagongwa.
Amesimama na theluji mabegani,
funguo za gari mkononi, hana kofia.
Nimetoka mjini, akasema. Kilomita mia na arobaini na mbili.
Nimeendesha kama mzazi.
Kila dakika nne nilisimama kando ya njia
nikahesabu hadi sitini.
Mara ishirini na tisa, Aune.
Kwenye daraja la Hirvijoki simu haishiki.

Nikamuuliza: basi utaifungua?
Akatazama vidole vyake muda mrefu.
Hapana.
Daktari mmoja, peke yake, saa sabini hajalala,
ataua mama au mtoto.
Hiyo nayo nimeihesabu.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na samaki wa kukaushwa
na mkate mweusi, nikamwekea.
Alilala kwenye benchi la jikoni, viatu miguuni.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
nami nilimwacha alale,
nisimwamshe kumwambia nimemsamehe,
maana nilikuwa bado.

Wodi imebaki imefungwa. Humo sasa mna baiskeli za mazoezi,
wazee wanazikanyaga na hawafiki popote.
Lakini darajani pamesimikwa mnara,
gari la wagonjwa lina kisanduku cha joto cha mtoto,
na mkunga hupanda nyuma kila safari.
Mkunga ni mimi. Nina miaka sitini na moja.
Mgongo wangu una maoni yake.

Juzi alfajiri, palepale Hirvijoki,
msichana wa Leppänen ameuma mkono wangu wa koti,
dereva amewasha taa zote,
nikaipiga ile namba ambayo si ya zamu.
Ikalia mara moja.
Hakuuliza nani. Hakuuliza wapi.
Dakika ngapi? akasema.
Mbili, nikamjibu,
nikasikia kiti kinachozunguka kikisimama.